Fundi Aliyempima Samaki

Kila mteja wa Fundi alikuwa na Ijumaa yake, na mimi sijui hata Ijumaa moja iliyowahi kufika. Mama yangu alimpelekea kitenge mwezi wa tano, akaambiwa Ijumaa. Gauni lilitoka mwezi wa nane, mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Mama alipolalamika, Fundi alirudi nyuma hatua mbili, akafinya jicho, akasema, "Mama, wewe unanyanyua bega. Simama kawaida."

Naanza na hilo ili ieleweke mapema kwamba mtu huyu anachosha. Kanisani wanamsifu. Wanasema ni mcheshi, ana moyo mweupe. Hawajawahi kukaa naye kwenye pikapu saa tatu za kwenda na saa tatu za kurudi, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mimi nimekaa. Daftari langu la likizo ile ya Desemba lina neno "nimechoka" karibu kila ukurasa, na sikuwa nimechoka na kitu kingine chochote.

Karakana yake iko Marshalltown, katikati ya jiji, ghorofa ya pili ya jengo ambalo zamani lilikuwa ofisi za watu. Ana cherehani tatu, moja ndiyo inayofanya kazi. Mama anasuka nywele chumba cha pili, na kati yao kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nimekua nikimsikia kabla ya kumjua. Anaongea na cherehani. Anaongea na pasi. Mimi siongei sana, na watu wengi wananiacha hivyo. Yeye hakuniacha. Aliniita Kimya, tangu nikiwa shule ya msingi, na kila nikipita mlangoni alipaza sauti, "Kimya, leo umetuambia nini?" Wateja wanacheka, mimi nataka sakafu inimeze.

Sasa huyo huyo, mtu ambaye hawezi kufunga mdomo, ndiye aliyetaka kutufundisha kuvua.

Si kuvua kwa chambo. Alikuwa na dharau kubwa kwa chambo. Yeye anavua samaki anaitwa trauti, mwenye madoadoa ubavuni, anayetaka maji ya baridi, na anamvua kwa nzi wa bandia anayetengenezwa kwa mkono: ndoana ndogo kama kucha, inazungushiwa uzi, manyoya, na nyuzi za kitambaa, mpaka samaki adhani ni mdudu aliyeanguka majini. Alijifunzia wapi, sijui. Ukimwuliza, leo ni mzungu mmoja wa misheni, kesho ni video kwenye simu. Ila nzi wake nimewaona, na mtu anayeshona mkono mfupi namna ile hakupaswa kuweza kutengeneza kitu kile.

Aliwatengeneza kwa mabaki ya nguo za wateja. Kila kitambaa kilichopita mezani kwake kiliacha kipande, na kila nzi alipewa jina la mwenye nguo. Kulikuwa na Mzee wa Kanisa, wa sufu ya kijivu, aliyezama haraka. Kulikuwa na Bibi Harusi, mweupe, asiye na faida. Aliyewashinda wote ni Mama Mchungaji, wa lesi ya zambarau, na nywele mbili tatu za bandia kutoka sakafu ya saluni ya mama yangu. Trauti walimpenda Mama Mchungaji kupita kiasi. Fundi alilisema hilo kwa sauti, hata kanisani, hata mwenyewe akiwa amesimama karibu, na sisi watatu tukatazama viatu vyetu.

Sisi watatu ni Amani, mtoto wa dada yake Fundi, Dorcas, tunayesoma naye darasa moja, anayeongea na kila mtu hadi na robot ya barabarani ikichelewa kuwaka kijani, na mimi. Mama zetu hawakutaka tuzurure mjini likizo nzima, na Fundi alikuwa na nafasi pikapuni. Ndivyo tulivyoingia kwenye uvuvi. Hakuna aliyetuuliza.

Masomo yalianzia koridoni, nje ya karakana. Ufito mrefu mwembamba, mshipi usio na ndoana, na kifuniko cha sufuria sakafuni ambacho tulipaswa kukilenga. "Piga pasi," alikuwa anasema. "Mbele taratibu, nyuma taratibu. Wewe Amani unafukuza inzi. Nimesema piga pasi." Wateja waliokuja kuulizia Ijumaa zao walichapwa na mshipi usoni. Akawaambia wasubiri, darasa linaendelea.

Mshipi ulipojisokota, na unajisokota kila dakika, hakuturuhusu kuukata. Huo ndio ukawa ugomvi wetu wa kila siku. Amani alikuwa na mkasi mfukoni, na siku moja Fundi alimkamata akiutoa.

"Weka."

"Mjomba, ni fundo moja tu. Tunapoteza muda."

"Fumua."

"Uzi wenyewe upo mwingi."

"Uzi haukatwi kwa sababu umekuudhi. Kaa chini, fumua."

Nilikaa nusu saa siku ile nikifumua fundo langu kwa sindano, na yeye amesimama juu yangu akinisimulia habari za suruali ya mtu fulani. Nilitamani kulia. Nimeandika hivyo kwenye daftari, na nilimaanisha.

Bwawa lenyewe liko juu milimani, shambani kwa mzungu mmoja mzee. Tulimwita Mzee wa Bwawa. Yeye alikuwa mteja: alileta koti lake la kuvulia, lenye mifuko isiyohesabika, limechanika mgongoni. Akaambiwa Jumatano. Na Jumatano hiyo koti lilikuwa tayari, limepigwa pasi, limetundikwa. Nililiona kwa macho yangu, na Mama alikuja kuliona pia, akasimama mlangoni akilitazama muda mrefu. Kwa malipo, Fundi aliomba ruhusa ya kuleta watoto watatu kuvua kila Jumamosi ya likizo. Mzee alikubali kwa masharti mawili. Jino la ndoana libanwe lilale, lisimchane samaki. Na kila samaki arudi majini, hata mmoja asitoke.

Basi Fundi akayachukua masharti yale kama kiapo cha harusi. Mtu aliyeidanganya nusu ya Marshalltown kuhusu tarehe alikuwa anatukagua ndoana moja moja kwa koleo. Alimrudisha kila samaki majini kwa mikono miwili, amepiga magoti, kama anamlaza mtoto. Lakini kabla ya hapo, alimpima. Utepe wake wa kupimia nguo haukutoka shingoni hata milimani. Samaki akiwa bado ndani ya wavu, majini, alimpima urefu, kisha kiuno, akisema, "Mteja, tulia, usijinyanyue," na mmoja wetu anaandika kwenye daftari la wateja: tarehe, sentimita, nzi gani, jina la mvuvi. Ukurasa mmoja ni sketi za shule, ukurasa wa pili ni trauti.

Shangazi zake Amani walimwuliza, "Papa Fundi, unaendesha gari saa tatu, unamkamata samaki, unampima, unamwacha? Wewe ni mzima?" Akasema, "Ninyi mnaongea habari za sufuria." Hakuwahi kueleza zaidi, yeye anayeeleza kila kitu.

Kitu kimoja tu kilimnyamazisha: radi. Kule juu, alasiri ya majira ya joto, mawingu yanajikusanya kuanzia saa nane na saa tisa hivi mbingu inapasuka. Ikinguruma mara ya kwanza tu, kwa mbali kabisa, Fundi aliweka ufito chini, akakimbia, kweli akakimbia, akajifungia pikapuni na utepe shingoni. Sisi ndio tulikusanya vitu. Dorcas alimwiga vizuri sana akikimbia.

Amani alipata samaki Jumamosi ya kwanza. Dorcas ya pili, huku akiongea na simu. Mimi, hakuna. Wiki ya tatu, hakuna. Ya nne, ya tano. Fundi alisimama nyuma yangu akitoa maagizo mpaka mshipi wangu ukajisokota tena. "Kimya, unawaogopa. Mwite. Mwambie njoo." Nyumbani Mama alitazama viatu vyangu, akasema, "Leo tena umetuletea matope." Alitania. Lakini nilikuwa na miaka kumi na sita, na kila ukurasa wa daftari la Fundi ulikuwa na Amani, Dorcas, Amani, Amani, Dorcas.

Jumamosi ya sita ilikuwa ya mwisho kabla ya Jumapili ya malimbuko. Kanisani kwetu, mwanzo wa mwaka, kila mtu analeta tunda la kwanza la kazi yake. Mama alikuwa ameandaa mafuta ya nywele. Fundi ameshona kitambaa cha meza. Dorcas alikuwa ameuza vitumbua. Mimi sikuwa na kitu. Nililifikiria hilo siku nzima nimesimama kwenye maji.

Radi ikanguruma. Fundi akakimbia. Amani na Dorcas wakaanza kukusanya vitu upande wa pili, wakicheka. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye matete, pale mto unapoingilia bwawani, na nilirusha mara moja tu zaidi, nzi akiwa Mama Mchungaji. Niliona lesi ya zambarau ikitoweka. Ufito ukainama mpaka majini.

Sikumwita mtu. Watu hawaelewi jambo hili: sauti haikutoka. Nilimvuta peke yangu, mvua ikaanza, na alipokuwa kwenye wavu, mzito, madoadoa yanang'aa, nilijua kwamba nikimwachia hakuna atakayeamini. Na hapo nikawaza, huyu ndiye tunda langu la kwanza. Sikujihisi mwizi hata kidogo. Niliwaza kwamba Mungu anamtangulia Mzee wa Bwawa, na malimbuko ni malimbuko. Nilimfunga kwenye kanga niliyoleta ya kukalia, nikamweka chini kabisa ya begi, nikarudi pikapuni. Fundi alisema, "Kimya, leo umetuambia nini?" Nikasema hakuna kitu.

Asubuhi niliwahi kanisani kabla ya watu, nikamlaza kwenye kikapu kimoja cha mbele, chini ya mchicha wa mtu mwingine.

Nilisahau mnada. Yaani nilijua upo, unafanyika kila mwaka, vyakula vyote vinauzwa palepale baada ya ibada, na sijui nilidhani samaki atapita vipi. Shemasi aliinua mchicha, kisha akainua trauti wangu kwa mkia, akacheka. "Wapendwa, tuna mgeni. Huyu ana madoadoa. Nani anamfahamu?"

Nilikuwa nimekaa safu mbili nyuma ya Fundi. Niliona shingo yake. Haikugeuka. Alinyoosha mkono, na kila mtu mwingine aliponyoosha, yeye wake haukushuka, mpaka wengine wakaacha. Alienda mbele, akampokea samaki, akautoa utepe shingoni mwake, na mbele ya kanisa zima akampima. Urefu, kisha kiuno. Watu wakacheka sana. Amani hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, kisha Dorcas, kisha mjomba wake.

Siku mbili baadaye Fundi alipanda milimani kumwona Mzee wa Bwawa, na kwa kuwa Kiingereza chake ni cha vipimo na rangi tu, alimchukua Dorcas amtafsirie. Waliporudi, Dorcas alinisimulia kwenye ngazi za karakana.

"Aliniambia nitafsiri hivi: samaki mmoja ametoka, na aliyemtoa ni mimi. Nikamwambia, Fundi, wewe ulikuwa kwenye gari, tulikuona. Akaniambia, wewe tafsiri, usishone chako."

"Na Mzee?"

"Akafunga geti. Hakupiga kelele. Alifunga tu."

Likizo ikaishia hapo. Amani alisema maneno makali kuhusu mjomba wake, kwamba alimvua kabla ya radi akamficha garini. "Kelele zote zile, rudisha, rudisha, kumbe anataka kumla mwenyewe." Na kweli alimla, alisema kumtupa kungekuwa kosa la pili. Amani akaacha kwenda karakana. Dorcas akaamini nusu, halafu akaamini yote. Na mimi nilikuwa na neno moja la kusema ambalo lingemsafisha, nikalibeba Januari, Februari, Machi, nikipita mlangoni pake kila siku nikitoka shule. Yeye akaendelea, "Kimya, leo umetuambia nini?" Kwa sauti ileile. Nilimchukia kwa hilo. Kama angekuwa amebadilika ingekuwa rahisi zaidi.

Mwezi wa saba, shule zimefungwa, baridi kali, Mama alinituma kwake nipimwe sketi ya shule. Alikuwa peke yake, na blanketi magotini. Akafungua daftari la wateja kutafuta vipimo vyangu vya zamani, analamba kidole, anageuza, anaongea kuhusu bei ya zipu. Ukurasa wa trauti ukapita, akaurudisha kwa bahati mbaya, au si kwa bahati mbaya. Niliona mistari yote imejaa, Amani, Dorcas, Amani. Wa mwisho ulikuwa: arobaini na moja, kiuno ishirini na mbili. Nafasi ya nzi, wazi. Nafasi ya mvuvi, wazi.

"Fundi," nikasema. "Huyo ni wangu."

"Najua. Nzi gani?"

"Mama Mchungaji."

Akaandika, hana haraka.

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Amani angepiga kelele. Dorcas angepiga simu. Nani mwingine angemficha samaki chini ya mchicha?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja."

"Miezi sita?"

"Mama yako alingoja gauni."

Nikamwonyesha nafasi ya jina, bado wazi. Akafunga daftari. "Hilo linaandikwa bwawani. Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri. Njoo na viatu vya matope."

Niliposhuka ngazi nilikuwa nimekasirika hadi machozi. Miezi sita nimebeba jambo zito hivi, halafu ananipa Ijumaa. Ijumaa ya Fundi.

Hata hivyo Alhamisi niliwaandikia Amani na Dorcas kila kitu. Dorcas alijibu kwa ujumbe mrefu kama barua. Amani aliandika "eish" tu, na baada ya saa nzima, "niombee radhi kwa mjomba." Nikamjibu aende mwenyewe.

Ijumaa saa kumi na moja kasoro, pikapu ilikuwa chini ya jengo letu, injini inaunguruma, moshi mweupe kwenye baridi. Fundi akashusha kioo. "Umechelewa," akasema. Aliongea saa tatu zote. Nilijifunza kuhusu nyuzi za poliesta zaidi ya ninavyotaka kujua maishani. Sketi yangu, nilipouliza, ni Ijumaa ijayo.

Kwenye geti alizima injini, na akanyamaza.

Hapakuwa na radi. Anga lilikuwa safi kabisa. Mzee wa Bwawa alitoka na koti lake la mifuko, mshono wa mgongoni umenyooka, akasimama upande wa pili wa geti akimtazama Fundi, na Fundi akatazama usukani. Dorcas hakuwepo wa kutafsiri. Nilingoja mtu aanze. Mwishowe nikafungua mlango, nikashuka, nikamwambia Mzee kwa Kiingereza kwamba samaki nilimchukua mimi, kwamba Fundi alikuwa amejifungia garini akiogopa radi, na kwamba nilimpeleka kanisani kwa sababu alikuwa wa kwanza. Sauti ilitoka.

Mzee akauliza kama samaki alikuwa mtamu.

"Sijui," nikasema. "Sikumwonja."

Akasema matete yamezidi pale mto unapoingilia, na panga liko ghalani. Akasema Septemba, samaki wakianza tena kula vizuri, anaweza kutupokea wote wanne, kama matete yatakuwa yamekwisha. Kisha akafungua geti.

Fundi aliweka daftari juu ya boneti, akatoa kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Nilidhani ataandika Kimya. Aliandika jina langu kamili, yote matatu, lile la kwenye ripoti ya shule, ambalo sikujua kama analijua. Akalipuliza kama wino, wakati si wino. Halafu akanifuata hadi ghalani, akaanza kunieleza panga linavyoshikwa, kuanzia mpini.